Ngazi Niliyoiundia Kwaya

Nyumba yangu hapa Kayole ina vyumba kumi na vinne, na hakuna mlango wala dirisha ndani yake ambalo sikuliunda kwa mikono yangu. Nataka msomaji alijue hilo kwanza, kabla sijamwambia mengine. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Waliosoma mpaka juu kabisa ni wapangaji wangu. Wananiamkia asubuhi wakienda ofisini, halafu wanasemezana kwamba mzee amekuwa na maringo, haitiki salamu. Si maringo. Nitafika hapo.

Niliingia Nairobi miaka ya sitini ikiishia, kutoka milimani kule kwetu, na kazi niliyopata ilikuwa ya kugonga bati kule chini upande wa Shauri Moyo. Mafundi tulikaa chini kwa mistari, kila mtu na kipande chake cha reli cha kugongea na nyundo yake. Tulitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Unachukua pipa kuukuu la mafuta, unalipasua, unalinyoosha mpaka lilale bapa, ndipo unalikata na kulikunja. Kule kunyoosha ndiko kwenye kelele. Aliyekuja kututembelea aliziba masikio na kuondoka mbio. Sisi tulimcheka.

Sasa, mtu akigonga peke yake anachoka mapema. Mkigonga pamoja mkono unajiinua wenyewe. Na ili mgonge pamoja lazima mtu mmoja aimbe. Mimi ndiye niliyeimba. Sijisifu, waulize waliokuwepo. Sauti yangu ni nzito, inatoka chini ya kitovu, na ilipita chini ya zile nyundo zote kama maji yanavyopita chini ya daraja. Fundi aliyekaa kushoto kwangu, mtu wa maneno mengi, alizoea kuwaambia wateja, "Huyu akianza kuimba, bati linajinyoosha lenyewe. Sisi tunalisindikiza tu."

Siku moja alikuja karani wa reli kuchukua sanduku la binti yake. Alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, kalamu mbili mfukoni, akikaa zile nyumba za reli za Makongeni. Nikamwambia sanduku lake liko tayari. Hakulitazama.

"Wewe unayeimba," akasema, "unaimba wapi?"

"Naimba hapa."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nalala, mzee."

Yule fundi jirani akapaza sauti, "Mchukue, mwalimu, mchukue! Na sisi tupumzike!"

Alijuaje kwamba huyo ni mwalimu wa kwaya sijui, lakini ndivyo alivyokuwa. Jumamosi ile nikajikuta kwenye ukumbi wa kanisa, shati limepigwa pasi, nimesimama nyuma na wanaume wa besi. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika do na re na mi, mistari na mistari, na kila mtu alisoma kana kwamba anasoma gazeti. Mimi sikuona kitu pale. Nilinyamaza, nikasikiliza sauti ya nne, yaani besi, ikipitishwa mara moja, na mara ya pili nikaiimba yote bila kukosea. Mwalimu akaniuliza nota nilijifunzia wapi. Nikasema, "Shuleni." Na kwa miaka mingi hawakujua kwamba sisomi nota.

Niseme ukweli kuhusu jioni ile, kwa sababu baadaye nitasema mabaya. Sauti nne zilipokutana mara ya kwanza, vinyweleo vya mikono vilisimama. Nilikuwa nimezoea kuimba juu ya kelele, kama mtu anayepigana. Sikujua kuna kuimba ambako mwenzako anakubeba. Ya kwanza iko juu kule, ya pili na ya tatu zinapishana katikati, na mimi chini nimezishika zote. Nikiondoka, zinaanguka. Hivyo ndivyo nilivyohisi, na sijapata furaha nyingine kama ile, hata siku niliyopewa hati ya kiwanja.

Mstari wa mbele alisimama msichana aliyeimba sauti ya kwanza. Huyo ndiye mama watoto wangu. Tulipooana tulichukua chumba kimoja mtaa wa Bahati, na pale hatukuwa na redio wala hatukuihitaji. Akisonga ugali anaanza juu, mimi nikikaza skurubu za kiti nashika chini. Majirani waligonga ukuta, si kutunyamazisha, kutuambia turudie ubeti. Nilimnunulia birika la kupiga mluzi, la kwanza katika ploti ile ya vyumba vya kupanga. Maji yakichemka lilipiga kelele, naye alisema, "Sikia, huyu naye anataka sauti ya kwanza." Tulicheka kila siku, kwa neno lile lile.

Mambo yangu yakapanda. Niliacha masanduku nikaingia kwenye mageti na madirisha, nikapata kibanda changu, halafu karakana, halafu mafundi kumi na wawili chini yangu. Wale waliokuwa na vyeti walikuja kwangu kuomba kazi. Kutwa nzima nyundo kumi na mbili na mashine ya kusagia chuma, na mimi katikati, kwa sababu fundi asipoona macho yako anakuharibia mali. Pamba za masikioni? Nani aliwahi kuzisikia? Mwanaume kuziba masikio kazini tulimwona kama mwanamke mjamzito anayekimbia harufu ya kitunguu.

Kidogo kidogo nikaona watu wamebadilika. Walianza kunong'ona. Wateja wananong'ona, watoto wananong'ona, hata mhubiri anahubiri kana kwamba anawaogopa askari. Nikasema hii ndiyo Nairobi ya siku hizi, watu hawana kifua. Birika nalo likaacha kupiga mluzi. Nikalitupa, nikanunua jipya, nalo likawa bovu vile vile. Nikamwambia mama watoto vitu vya dukani siku hizi ni takataka. Niliona tu kwamba kila mara alikuwa ameliepua kabla sijaona mvuke. Nikadhani ni kwa sababu ni mke mwenye bidii.

Kwaya yetu ilipokua, ikafika watu arobaini, wa nyuma hawakuonekana. Nikasema hilo niachieni mimi. Niliunda ngazi ya kusimamia, vipandio vitatu vipana, chuma kitupu, yenye maungio ya kufunguka ili ibebwe. Hakuna kanisa lolote kutoka Kaloleni mpaka Mowlem lililokuwa na kitu kama kile. Majoho pia nilinunua mimi, rangi ya zambarau. Sikutaka shukrani. Nilitaka tu kusimama katikati ya kipandio cha juu, mahali ambapo besi inapaswa kusimama, na hakuna aliyethubutu kusimama pale kabla yangu.

Mwaka mmoja hivi baadaye mwalimu akaniita kando. Aliongea karibu na uso wangu, kama alivyokuwa ameanza kufanya.

"Mzee, nataka uhame. Usimame pale mwisho, karibu na mlango."

"Kwa nini?"

"Sauti yako ina nguvu. Ikitokea ubavuni inatushikilia wote."

Nikahama nikiwa nimevimba kichwa. Nikawaambia mafundi kazini kwamba mimi ni ukuta wa kwaya. Baada ya muda akaniuliza kama ningependa kupiga ngoma badala ya kuimba. Nikamwambia mtu aliyenunua ngoma haipigi, huwaachia wengine. Akatikisa kichwa, akaondoka. Sasa naelewa alikuwa anagonga mlango polepole, na mimi nilikuwa namwambia hakuna mtu nyumbani.

Ikaja habari ya redio. Watu wa redio walikuwa wakizunguka makanisani kunasa nyimbo za kutangazwa Jumapili asubuhi, na zamu yetu ikafika. Mwalimu alikuwa ametunga wimbo wa mavuno, na wimbo ule ulianza na besi peke yake. "Tumepanda, tumepanda," mara nne, chini kabisa, kabla sauti nyingine hazijaingia. Mlango wa wimbo ulikuwa mimi. Kila nyumba nchini Kenya ingefungua redio isikie kwanza mtu wa darasa la tatu. Sijui kama msomaji anaelewa nililalaje wiki ile. Baba yangu kijijini alikuwa hai bado, na alikuwa akiniambia tangu utotoni kwamba mimi ni mdomo tu. Nilimtumia ujumbe atafute redio.

Jumamosi hiyo gari la redio likaja, mafundi wawili wakatandaza nyaya, mmoja akavaa vile vikombe vya masikioni. Tukaimba. Niliimba kama sijawahi, nikatoa yote. Tulipomaliza, yule wa vikombe alimwangalia mwalimu, naye mwalimu akaangalia chini. Halafu akanijia, akanishika bega.

"Mzee, wageni hawa hawajala tangu asubuhi. Mwenyeji wetu ni wewe. Tukimtuma mtu mwingine itakuwa aibu."

Kwetu hilo halikataliki. Mgeni wa kwaya hulishwa na mkubwa wa kwaya, na mkubwa haagizi mtu, huenda mwenyewe akachague nyama kwa jicho lake. Nilivua joho nikaenda mpaka hoteli ya pili, kwa sababu ya kwanza mbavu zake hazikunipendeza. Nikamsimamia yule mchomaji mpaka nyama ikaiva. Nikarudi na sinia mbili na kreti ya soda, nikawakuta wamekwisha kukunja nyaya, na kila mtu anang'aa. Mama watoto alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Nikamkatia kipande kizuri cha mbavu. Alikishika tu mkononi, hakukila.

Jumapili ya wimbo wetu nilitoa redio nje, nikaiweka juu ya sanduku la bati nililolitengeneza mwenyewe zamani, nikaifungua mpaka mwisho. Ploti nzima ilijaa. Hata yule fundi jirani wa zamani nilimwita aje aketi kiti cha mbele. Mtangazaji akasema jina la kanisa letu. Nikafunga macho.

Ikaja: "Tumepanda, tumepanda."

Masikio yangu yalikuwa yamekufa kwa sauti za juu, kwa za chini yalikuwa hai bado. Besi naisikia. Na ile besi haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, ya kijana, inaingia pale pale mwalimu anapotaka, haiburuti mguu. Niliijua. Ilikuwa ya tarishi mmoja wa ofisi aliyejiunga na kwaya mwaka uliopita, kijana asiye hata na kitanda chake.

Watu walipiga makofi. "Tumekusikia, mzee! Tumekusikia!" Wanawake wakapiga vigelegele, nafikiri, maana niliona ndimi. Wakanipa mikono, na mimi nikaipokea, mmoja baada ya mwingine. Nifanye nini? Yule fundi jirani tu ndiye hakusimama. Alisubiri watu wapungue, akaja karibu na sikio langu.

"Nimekaa kando yako miaka sita," akasema. "Wewe ulikuwa wapi pale?"

"Nilikwenda kununua nyama," nikamwambia.

Alinitazama, akanipiga bega, akaenda zake.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mama watoto kama walirudia wimbo nilipotoka. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama naye aliimba. Akasema ndiyo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu birika." Alisema akinitazama usoni ili nione midomo. "Unaburuta, baba watoto. Hutusikii, unabaki nyuma, na unatuvuta chini. Mwalimu amekuwa akishusha wimbo mzima ili tulingane nawe. Wanawake wamekauka koo."

"Na hukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Kila mtu akikuambia neno, unamwonyesha kile ulichomnunulia."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Jumamosi iliyofuata nikachukua mafundi wanne na mkokoteni, nikaenda ukumbini wakati wa mazoezi. Nikasema nimekuja kuchukua ngazi yangu. Wote arobaini walishuka bila kelele, wakasimama sakafuni. Yule tarishi alitaka kuniomba msamaha, nikampita.

Mwalimu akanijia. "Chukua, ni yako. Lakini mimi sikukuonea, na sitaki uondoke ukiamini nilikuonea. Geuka ukutani. Wanawake wakianza, inua mkono. Ukiinua, Jumapili ijayo unasimama katikati, na huyu kijana arudi nyuma."

"Mnanijaribu kama mtoto?"

"Geuka, mzee."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, umechubuka kidogo mahali kiti kilipokuwa kikigonga. Nikasubiri. Nilijua watachelewesha ili wanitie wasiwasi, kwa hiyo nikajipa moyo wa kungoja. Nilisikia mvumo wa lori barabarani. Nilisikia fundi wangu mmoja akikohoa. Nikasema moyoni, wakianza tu, mkono juu. Ukimya ukawa mrefu mpaka nikakasirika, nikageuka kuwaambia waanze basi, waache mchezo.

Walikuwa wanamaliza. Midomo ya wanawake ishirini na kitu ilikuwa wazi pamoja, vifua vimejaa, na mama watoto mbele yao, jicho kwangu, machozi mpaka kidevuni. Nikaona midomo ile ikifungwa. Ubeti mzima ulikuwa umepita mgongoni mwangu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ngazi niliibeba. Sitasema uongo kwamba niliwaachia. Nilisimamia vipande vikipakiwa, kimoja kimoja, nikawagombeza mafundi kwa sababu ya mkwaruzo ambao haukuwepo. Mama watoto nilimwambia achague, kwaya au nyumba. Huyu mwanamke hakuwahi kunibishia tangu tuoane, wala siku hiyo hakunibishia. Alipika, akaosha vyombo, na Jumamosi ilipofika akavaa viatu akaenda mazoezini. Akarudi akapika tena. Mpaka leo yuko hivyo. Nyumbani haimbi.

Nimejifunza nini? Watu hupenda kuniuliza mafanikio yangu yalitoka wapi, na mimi huwajibu kwa saa nzima. Hili hawaliulizi. Nawanunulia mafundi wangu pamba za masikioni, boksi kwa boksi, na kila Jumatatu nawafokea wazivae. Wananiona mzee wa wasiwasi. Wanazitumia kusafishia miwani ya kuchomea vyuma. Kuna mmoja anayeimba akigonga, sauti nzuri. Yeye nilimshika shati nikamtia pamba kwa mkono wangu. Nilipogeuka akazitoa.

Ngazi ilikaa uani hapa Kayole miaka mitano. Wapangaji waliweka mitungi ya maji juu yake, na watoto wao wakaigeuza mlima. Kisha mwaka huu mwalimu akastaafu reli, akawa anarudi kwao magharibi, na kwaya ikapanga sherehe ya kumuaga. Jioni moja mama watoto aliweka chai mezani, akangoja nimtazame.

"Wanauliza kama wanaweza kuazima ngazi."

"Nani anauliza? Mwalimu?"

"Mimi."

Niliisugua kutu siku mbili. Mguu mmoja ulikuwa umeoza, nikaukata nikauchomea mwingine, na kazi ile, hata kama mimi ndiye ninayesema, hutaona kiungo. Niliipeleka mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, nikapanda juu kabisa katikati nikaruka mara tatu kujaribu kama inabeba. Halafu nikashuka, nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wageni.

Walianza na wimbo wa mavuno. Mwalimu aliinua mikono, mvi kichwani, kalamu mbili bado mfukoni. Yule tarishi amenenepa sasa, ana mke na watoto watatu, na amesimama pale pale nilipokuwa nimeruka. "Tumepanda, tumepanda." Aliingia kwa wakati wake. Hilo nililisikia sawasawa, kila neno, mara nne. Kisha wanawake wakafungua midomo, na kwangu ikawa kama mtu amefunga mlango.

Wimbo ulipokwisha mwalimu alinijia mpaka nyuma kule. Akanishika mkono, akasema kitu kirefu. Ndevu zake zimekuwa nyingi, sikuiona midomo vizuri. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, mwalimu, safari njema. Nilimtazama mama watoto nijue kama nimejibu vizuri, lakini alikuwa ameangalia kando.

Ngazi niliiacha ukumbini. Hakuna aliyeniuliza kama ni ya kuazima au wameshapewa, nami sikusema.